Mwalimu Asiyelijua Jibu: Historia Fupi ya Ufundishaji wa Kiswahili na Fasihi katika Vyuo Vikuu Vyetu, Pamoja na Mfano wa Kianjokoma

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo wahadhiri hulizungumza zaidi wakinywa chai kuliko wanavyoliandika majaridani, yaani namna tunavyofundisha. Juu ya yale tunayoyafundisha tumeandika mengi: ngeli, viambishi, lahaja, fani na maudhui, historia ya ushairi. Lakini swali la jinsi mwanafunzi wa chuo kikuu anavyolipokea somo tumewaachia wenzetu wa Kitivo cha Elimu, kana kwamba mtu akiisha kuwa mjuzi wa lugha hana tena haja ya kuuliza jinsi ujuzi huo unavyopita kutoka kwake kwenda kwa mwingine.

Katika miaka ya karibuni swali hili limeturudia kwa sura ya warsha. Mhadhiri hualikwa, hupewa kalamu na karatasi pana, kisha huelezwa kwamba kumshirikisha mwanafunzi darasani ni jambo jipya lililogunduliwa mbali na kwamba sisi ndio kwanza linatufikia. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuamini hivyo. Nilipokwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili nilikuta darasa la watu saba walioizunguka meza moja. Kwa wiki tatu za mwanzo sikufungua kinywa. Nilikuwa nikingoja profesa aanze kutusomea ili niandike. Niliporejea nyumbani nilijiona mtu aliyeleta mbegu ngeni. Ilikuwa baadaye, katika kupekua vitabu na majarida ya zamani maktabani, nilipotambua kwamba mbegu hiyo ilikwisha pandwa hapa kabla sijazaliwa, ikaota, ikazaa, kisha ikasongwa na magugu.

Hoja yangu ni hii. Ufundishaji ulio hai katika vyuo vikuu vyetu ulizaliwa pale mwalimu alipompa mwanafunzi kazi ambayo hata yeye mwalimu hakulijua jibu lake. Ulififia pale kazi hiyo ilipogeuzwa kuwa maswali ambayo majibu yake yamekwisha kuandikwa. Nitaieleza hoja hiyo kwa kupitia Dar es Salaam na Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970, halafu nitasimulia jaribio dogo nililolifanya na wanafunzi wangu huko Kianjokoma, katika Kaunti ya Embu.

Maneno tunayoyatumia

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, yafaa tuanze na maneno. Neno "chuo" katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya kitabu, na pia mahali ambapo watoto husomeshwa Kurani. Mwanachuoni ni mtu wa elimu hata leo. Katika chuo cha namna hiyo mtoto alikariri, na "kukariri" asili yake ni kurudia. Tusikidharau kitendo hicho: matini takatifu ilipasa ihifadhiwe moyoni bila kubadilika hata herufi moja, na njia ya kuihifadhi ni kuirudia. Isitoshe, pembeni mwa chuo cha watoto palikuwa na darsa za watu wazima, ambako sheikh alisoma, akafasiri, akaulizwa. Kwa hiyo hata katika mapokeo hayo ya pwani njia mbili zilikaa pamoja, na kila moja ilikuwa na kazi yake.

Neno "mhadhara" nalo lina shina moja na hudhuria, hadhara na hadhira. Maana iliyomo ndani yake ni kuwapo, watu kuwa mbele ya watu. Ni ajabu kwamba neno hilo sasa limeishia kumaanisha saa mbili ambazo mtu mmoja yupo na mia mbili hawapo, ingawa miili yao imeketi pale na majina yao yameandikwa katika orodha ya mahudhurio.

Upande wa Kibantu tunalo neno "kufunda", ambalo ni kutwanga kinuni na pia ni kumwelekeza mwari, na kutoka hapo tunapata fundisha, funzo na mwanafunzi. Asiyefunzwa na mamaye, wahenga walisema, hufunzwa na ulimwengu. Methali hii hutajwa kama kitisho. Hata hivyo ndani yake mna kauli kwamba ulimwengu nao ni mwalimu, na nitaitumia kwa maana hiyo huko mbele.

Mlimani: darasa lisilokuwa na vitabu

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, vyuo vyake vitatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, vilifundisha kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwapo, lakini kilikuwa kitu cha kuchunguzwa. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilikwisha fanya kazi kubwa ya kusanifisha tahajia na kutunga kamusi, na mwaka 1964 shughuli za uchunguzi zikawekwa katika chuo maalumu huko Dar es Salaam, ambacho mwaka 1970 kiligeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Hata hivyo kuchunguza lugha ni jambo moja, na kuifanya lugha hiyo kuwa chombo cha kufundishia shahada ni jambo lingine kabisa.

Hatua hiyo ya pili ilichukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, Farouk Topan alipoanza kufundisha fasihi ya Kiswahili katika Chuo cha Dar es Salaam kwa Kiswahili chenyewe. Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ikaundwa. Hebu tuifikirie hali ya darasa lile. Hapakuwa na vitabu vya uhakiki vilivyoandikwa kwa Kiswahili ambavyo mwanafunzi angeweza kuazima. Istilahi nyingi tunazozitumia leo bila kufikiri zilikuwa bado zinatafutwa, na watu walibishana kama waseme hivi au vile. Kazi zenyewe za kuhakikiwa zilikuwa zinazaliwa mbele ya macho yao: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1969, na Euphrase Kezilahabi, aliyehitimu pale mwaka 1970, akatoa Rosa Mistika mwaka uliofuata. Mwanafunzi hakuweza kwenda maktabani kutafuta watu wamesema nini juu ya kazi hizo, kwa sababu hapakuwa na aliyekwisha kusema.

Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wenyewe ndio walioandika. Mwaka 1971 Topan alihariri kitabu kiitwacho Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, ambacho kilitokana na kazi za darasa. Kitabu hicho kikawa mojawapo ya nguzo za mwanzo za uhakiki wa Kiswahili. Maana yake ni kwamba insha ambayo kwa kawaida yetu ingesahihishwa kwa wino mwekundu na kuwekwa kabatini, ilipelekwa kwa mchapishaji ikawa kitabu cha wale waliofuata.

Jambo jingine lilisaidia. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana wa Tanzania hawakupita tena moja kwa moja kutoka kidato cha sita kwenda chuo kikuu. Iliwapasa kwanza kufanya kazi kwa muda. Sharti hilo lilikuwa na shida zake, na baadaye lililegezwa. Lakini kwa miaka kadhaa liliwaleta darasani watu waliokwisha fundisha, waliokwisha fanya kazi vijijini na maofisini, ambao walipoambiwa jambo kuhusu jamii waliweza kulipima kwa waliyoyaona. Mwalimu aliyesimama mbele ya watu wa namna hiyo hakuweza kujifanya mjuzi wa kila kitu.

Tujihadhari, hata hivyo, na kuusifu uhaba. Ukosefu wa vitabu peke yake haumfundishi mtu. Zipo shule nyingi zisizo na vitabu ambamo kazi ni kunakili ubao tangu asubuhi hadi jioni. Wala tusiseme kwamba kabla ya hapo hapakuwa na ufundishaji hai. Makerere, chini ya mtaala wa Kiingereza, wanafunzi walianzisha jarida la Penpoint mwaka 1958 na humo wakajifunza kuandika, na mwaka 1965 walianza kuzunguka na jukwaa la kusafiri. Kilichobadilika Dar es Salaam ni kwamba mwanafunzi alikubaliwa kuwa chanzo cha maarifa ya somo lenyewe. Uhaba ulifungua mlango, lakini alikuwapo mwalimu aliyekubali kuuacha wazi.

Nairobi: mwanafunzi arudishwa kijijini

Wakati huohuo Nairobi ilipita njia nyingine. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake pawekwe idara ambayo kitovu chake ni Afrika. Waraka huo umejadiliwa sana kama tamko la kisiasa, na ndivyo ulivyokuwa. Ninachotaka kukionyesha ni upande wake wa ufundishaji, ambao haujatazamwa vya kutosha.

Waraka ulidai kwamba fasihi simulizi iwe msingi wa masomo. Sasa, ukiisha kuamua hivyo, umeamua pia jinsi ya kufundisha, upende usipende. Tamthilia ya Shakespeare inaweza kusomewa bwenini. Ngano za watu wa Ukambani au Unyore zilikuwa vinywani mwa wazee, nyingi hazijawahi kuandikwa, na mhadhiri hawezi kuzijua lugha zote za wanafunzi wake. Ilibidi mwanafunzi atumwe nyumbani kwa bibi yake. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kijijini aliyeingia chuo kikuu hakutakiwa kuyaacha langoni yale aliyokuja nayo. Yalikuwa ndiyo mtaji wake. Na aliporudi na daftari limejaa, mwalimu ndiye aliyekuwa na maswali ya kuuliza. Mwaka 1972 Taban alihariri kitabu cha fasihi simulizi ya Afrika Mashariki kilichotokana na makusanyo ya namna hiyo. Msomaji atambue kwamba kitabu hicho cha Nairobi na kile cha Dar es Salaam vimepishana kwa mwaka mmoja tu. Miji ni miwili na falsafa ni tofauti, lakini kitendo ni kilekile: kazi ya mwanafunzi kuaminiwa mpaka ikachapishwa.

Wanahistoria nao walikuwa katika njia hiyo. Katika Embu, ambako nitarejea hivi punde, H. S. K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya wazee na kuyatoa katika vitabu viwili, kimoja mwaka 1973 juu ya historia ya Waembu na Wambeere hadi 1906, na kingine mwaka 1974 chenye matini za wazee wenyewe. Mwezi Septemba 1974 mkutano wa walimu wa fasihi ulifanyika katika Shule ya Nairobi, na miongoni mwa mambo uliyoyasukuma ni fasihi simulizi kuingia katika shule za sekondari.

Kwa nini basi njia hiyo haikudumu? Wengi hujibu kwamba wanafunzi walizidi kuwa wengi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu, alishirikiana na Ngũgĩ wa Mirii na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, kuandaa tamthilia ya Kigikuyu Ngaahika Ndeenda. Hapo kazi isiyokuwa na jibu ilikuwa imetoka darasani kabisa: wanakijiji waliisahihisha lugha, wakaongeza nyimbo, wakabadili matukio. Mwezi Novemba mwaka huo kibali cha maonyesho kikaondolewa, na siku ya mwisho ya mwaka mwandishi akatiwa kizuizini. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 Chuo Kikuu kilifungwa kwa muda mrefu. Wahadhiri kadhaa walifungwa au kukimbilia ng'ambo.

Nadhani miaka hiyo iliacha tabia darasani. Maswali huria yalikuwa na hatari, kwa sababu hujui mwanafunzi atajibu nini, wala hujui nani mwingine anasikiliza. Notisi zilizoandikwa mwaka juzi hazina hatari. Mhadhiri aliyeinamia karatasi zake akasoma kwa sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho hakuwa mvivu kila mara. Pengine alikuwa mtu mwenye watoto wa kulea. Hofu ilipokwisha, tabia ilibaki.

Wingi

Halafu wingi ukaja juu yake. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Kwa lugha yetu hiyo ilikuwa heri kubwa, na walimu wa Kiswahili wakahitajika kwa maelfu. Mwaka 1990 vyuo vikuu vilipokea kwa pamoja mikupuo miwili, ule wa mwisho wa kidato cha sita na ule wa kwanza wa 8-4-4. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia, na vingine vikafuata. Darasa la wanafunzi ishirini likawa la mia mbili, wengine wakiandika wamesimama dirishani.

Katika hali hiyo notisi zilipata nguvu mpya. Kila msomaji wa jarida hili anazijua: karatasi zilizogeuka rangi ya manjano, zikapelekwa kwenye kibanda cha kudurufu langoni, zikarithiwa na mkupuo baada ya mkupuo pamoja na mitihani ya miaka iliyopita. Na mwanafunzi anayetufikia amekwisha zoea hali hiyo tangu sekondari, ambako wengine huisoma miongozo ya riwaya bila kuifungua riwaya yenyewe. Akija kwetu huuliza mwongozo uko wapi. Tusimlaumu, ametambua kwamba jibu limekwisha kuandikwa mahali fulani, na kwamba kazi yake ni kulipata.

Kianjokoma

Kianjokoma ni mji mdogo katika miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya. Sehemu za juu ni mashamba ya chai, za chini ni kahawa. Si mbali na hapo, karibu na Runyenjes, ndiko yaliko masimulizi ya asili ya Waembu: kwamba Ngai alimuumba Mwenendega huko Mbui Njeru, akampa mke mzuri penye maporomoko ya maji, aitwaye Ciurunji, na uzao wao ukaijaza nchi. Nilikuwa na darasa la fasihi simulizi lenye wanafunzi zaidi ya mia moja. Nililigawa katika vikundi vya watu sita sita. Wengi walipewa kazi ya kukusanya masimulizi makwao wakati wa likizo, na vikundi vinne vikaenda nami Kianjokoma kukusanya masimulizi ya Mwenendega. Mimi si Mwembu wala siijui lugha hiyo.

Safari ya kwanza haikufaulu. Tulifika Jumamosi saa nne asubuhi, simu zimeelekezwa mbele tayari kwa kurekodi, wakati watu wako shambani. Mzee mmoja tuliyemkuta njiani alitusikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mmekuja kuchukua nini, na mtaacha nini?" Sikuwa na jibu. Mihadhara yangu yote juu ya mbinu za utafiti haikuwa imelitaja swali hilo.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwapo binti wa kutoka kilima cha jirani. Tangu muhula uanze sikuwahi kuisikia sauti yake. Alinivuta kando akasema, "Mwalimu, samahani, hadithi haiombwi saa hii. Tuwasaidie kwanza kuchuma." Basi tukachuma. Kanuni ni majani mawili na chipukizi, na mikono yetu ilikuwa mizito. Wenyeji walicheka sana walipokitazama kikapu changu. Lakini katika kucheka huko mazungumzo yalianza, na jioni tulikaribishwa jikoni kwa mama mkongwe ambaye wanafunzi walimwita cucu, naye akawaita wajukuu. Binti yule akawa mkalimani wetu, na kwa hakika akawa kiongozi.

Tulirudi na masimulizi manne, nayo hayakulingana. Yalitofautiana juu ya jinsi mke alivyopatikana, juu ya chanzo cha utajiri, na juu ya ugomvi ulioifikia nyumba ile. Darasani mwanafunzi mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, lililo sahihi ni lipi? Tuandike lipi?" Nilimjibu kwamba sijui. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito, na nilisoma katika nyuso za baadhi yao kwamba wamevunjika moyo. Kisha mmoja akasema kwamba huenda tofauti zinafuata koo za wasimulizi. Mwingine akapinga, akasema zinafuata jinsia, kwa kuwa wanawake wawili walikubaliana katika jambo ambalo wanaume wawili walilipinga. Mjadala ukaenda mpaka darasa jingine likatugongea mlango.

Jambo kubwa zaidi lilitokea tulipokwenda mara ya pili. Lile swali la mzee lilikuwa limetukaa rohoni, na wanafunzi waliamua kwamba watayarudisha masimulizi kwa wenyewe kabla ya kuyaleta kwangu. Wakamsomea cucu tafsiri yao ya Kiswahili, lugha anayoisikia vizuri. Walipofika kwenye maneno "Ciurunji akaolewa na Mwenendega," aliwakatiza. Alisema, "Sikusema aliolewa. Yeye alikubali."

Binti yule alitufafanulia baadaye kwamba katika Kiembu kitenzi kinachotumika kwa mwanamke hapo hakimo katika kauli ya kutendwa. Mwanamke ndiye mtendaji wa kitenzi hicho. Kiswahili sanifu hakina nafasi hiyo: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kwa miaka kadhaa nimefundisha kauli ya kutendwa, na oa na olewa nimeutumia mara nyingi kama mfano, hasa kwa ajili ya ile l ya zamani inayojitokeza katika olewa na kutoweka katika oa. Nimelieleza umbo bila kujiuliza hata siku moja lugha zilizo jirani yetu humweka wapi mwanamke katika sentensi hiyo, na tafsiri yetu humfanya nini tunapomhamisha. Wanafunzi walitumia wiki mbili kutafuta neno. Walijaribu "akakubali kuwa mke", wakajaribu "wakaoana", wakajaribu "akaingia nyumbani kwa Mwenendega". Kila pendekezo lilipelekwa kwa cucu kwa simu. Mwisho waliafikiana juu ya la kwanza, wakaongeza maelezo chini ya ukurasa. Maelezo yale yalikuwa uchambuzi bora zaidi wa kauli za kitenzi niliopata kuusoma kutoka kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na hapakuwa na mahali pa kuunakili.

Sitaki kulipamba jaribio hili. Mada mbili za silabasi hatukuzifikia. Nauli ilikuwa mzigo. Kikundi kimoja kati ya vile vilivyotumwa makwao kiliopoa hadithi kutoka intaneti na kuileta kama yao. Wanafunzi wengine walilalamika kwamba mwalimu hafundishi, anatutuma tu. Isitoshe, ni darasa moja, na darasa moja halithibitishi kanuni. Ninachoweza kukisema ni kwamba katika darasa hilo nilimwona mwanafunzi aliyekuwa bubu akiwa mwalimu wa wenzake na wa mhadhiri wake, kwa sababu kazi yenyewe ilihitaji kitu ambacho yeye alikuwa nacho na sisi hatukuwa nacho.

Hitimisho

Kutokana na historia hii napendekeza mambo matatu, ambayo kila idara inaweza kuyafanya bila kungoja warsha wala fedha za mfadhili.

Kwanza, tutenganishe kazi za kukariri na kazi za kutafuta, kama zilivyotenganishwa zamani kati ya chuo cha watoto na darsa. Orodha ya ngeli haina budi kujulikana; itolewe kwa maandishi, isomwe nyumbani. Saa ya mhadhara, ambayo maana yake ni kuwapo, itumiwe kwa yale yanayohitaji watu kuwapo.

Pili, katika zile alama thelathini ambazo vyuo vyetu vingi huzitenga kwa kazi za muhula, angalau nusu itolewe kwa swali ambalo mhadhiri hana jibu lake. Maswali hayo tunayo tele. Kila mwanafunzi wetu wa Kenya ana lugha nyingine nyumbani, na mipaka kati ya lugha hiyo na Kiswahili haijachunguzwa hata robo. Wingi wa wanafunzi, ambao tumezoea kuuona kama mkosi, hapo hugeuka kuwa nguvu: wanafunzi mia moja ni wakusanyaji mia moja.

Tatu, kazi iliyo nzuri ichapishwe, walau katika kijitabu cha idara, na nakala irudishwe kwa waliotoa maneno. Topan na Taban walitangulia kutoa kazi za wanafunzi zaidi ya miaka hamsini iliyopita, wakati kupiga chapa kulikuwa na gharama na taabu kuliko sasa.

Jambo hili lina haraka yake. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2019 unatarajiwa kuuleta mkupuo wake wa kwanza katika vyuo vikuu mwaka 2029. Vijana hao watakuwa wameambiwa tangu utotoni kwamba kusoma ni kutenda. Tukiwapokea kwa karatasi za manjano, watajua katika wiki ya kwanza tu kwamba waliambiwa uongo, ama huko walikotoka ama hapa walipofika.

Kijitabu chetu cha Kianjokoma kina kurasa thelathini na sita. Nakala moja iko kwenye rafu ya idara na nyingine iko jikoni kwa cucu, ambaye ametuma ujumbe kwamba katika ukurasa wa kumi na moja bado kuna kosa. Tutakwenda muhula ujao kulisikia.